Kofia Sita Zilizokwenda Kuposa

Mtu mmoja alikuwa na kofia saba na kichwa kimoja.

Hakuwa mtu mbaya, na naomba mlishike hilo tangu sasa, kwa sababu nawajua. Ikisimuliwa aibu ya mtu, wengine mnajikalisha vizuri kwenye mkeka mkiamini anayesemwa ni jirani. Jina lake aliitwa Kibwana Sehiza. Alikuwa na shamba la michungwa lililoteremka mpaka mtoni, mke mmoja, Bi Mwanaidi, na mtoto mmoja wa kiume, Hatibu, kijana aliyekwisha kufikia umri wa kuoa. Alikuwa mchapakazi. Hakuiba, hakusengenya, hakumdhulumu mtu. Ila alikuwa na shida moja, na shida hiyo ilianza kwa jambo dogo kabisa.

Kijijini kwao palikuwa na desturi. Mtu akiinuka barazani kwa haja ya kitambo kidogo, huvua kofia yake akaiacha pale alipokuwa ameketi. Kofia ile ina heshima yake. Hakuna atakayekalia mahali pale, na kahawa ikipita, kikombe chake huwekwa kando kikamngoja. Maana yake ni kwamba mwenyewe anarudi sasa hivi. Kibwana aliifuata desturi hiyo kama watu wote, mpaka siku moja alipoacha kofia barazani, akaenda kuangalia michungwa yake, akanogewa na kazi, akarudi baada ya sala ya alasiri. Akakuta mahali pake papo, kikombe chake kipo, na hakuna aliyemuuliza kitu. Akasema moyoni mwake: Kumbe!

Tangu siku hiyo akaanza kununua kofia. Ile nyeupe ya darizi akaiweka kuwa ya baraza. Ya kahawia ikawa ya matanga. Ya kitambaa kigumu ikawa ya msaragambo, zile siku kijiji kizima kinapotoka kuzibua mfereji wa maji. Mbiu ikipigwa, Kibwana alifika wa kwanza, kabla hata ya umande kukauka. Alichomeka jembe ardhini kwenye zamu yake, akatundika kofia juu ya mpini, kisha akaelekea shambani kwake. Jembe likasimama pale na kofia yake mchana kutwa. Halikuchimba hata shubiri moja, lakini jina la Kibwana liliandikwa pamoja na majina ya waliochimba.

Mambo yakaenda hivyo miaka minane. Mkutano wa shule, kofia. Khitma, kofia. Jirani akilazwa zahanati, kofia ilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, mgonjwa akigeuka anaiona, akigeuka upande wa pili anaikumbuka. Mke wa Mzee Ngwale alipofariki, kofia ya kahawia ilikaa kwenye mkeka wa matanga siku tatu. Haikumwambia mfiwa pole wala haikubeba hata ndoo moja ya maji. Siku ya tatu Kibwana akaja, akaivaa, akala ubwabwa, akaenda zake.

Mnacheka. Chekeni, sikatazi. Wewe unayecheka kuliko wote nitakujia baadaye.

Bi Mwanaidi alimwonya. "Baba Hatibu," alimwambia, "watu hawasemi, lakini si kwamba hawana mdomo." Kibwana akamjibu kwamba kila palipo na shughuli yeye yumo, na anayebisha akaangalie kofia. Wazee nao walipolalamika pembeni, mkubwa wao, Mzee Sufiani, ambaye nyumba yake ilipakana na ya Kibwana, aliwaambia wamwache. Kila jambo lina siku yake, alisema.

Siku yenyewe ikaja. Hatibu alimpenda Saumu, binti wa Mzee Mntambo wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Saumu naye alimpenda, na alimwambia baba yake hivyo bila kuzungukazunguka. Lakini palikuwa na watu wengine kutoka mjini waliokwisha kuomba ruhusa ya kuja kumposa, Ijumaa baada ya sala. Mzee Mntambo alikuwa mtu wa haki. Akatuma neno kwa Kibwana: aje Alhamisi asubuhi na wazee wake. Wazee wakisimama wakasema kijana huyu tunamjua, Saumu ni wa Hatibu. Wasipofika, Ijumaa atawapokea wale wa mjini, na atakayempata ndiye huyo.

Nanyi posa zetu mnazijua. Baba haendi peke yake. Baba akisema mwanangu ni mwema, amesema nini? Ni baba gani aliyewahi kubisha hodi ugenini akasema mwanangu ni mvivu, mpeni mke? Wanatakiwa watu wa pembeni, waliomwona kijana tangu anatambaa, wakasimama mbele ya wakwe wakabeba dhamana. Hatibu alijua hilo. Wiki ile hakuwa na hamu ya chakula, na ukimwita mara tatu haitikii.

Sasa sikilizeni Kibwana alivyowaalika wazee. Ulikuwa msimu wa kuchuma machungwa, naye hakuona sababu ya kupita nyumba kwa nyumba. Akatwaa kofia sita, ya saba akaibakiza kichwani, akampa Bi Mwanaidi azipeleke kwa wazee sita, kila mmoja yake, pamoja na maneno haya: Kibwana anawaita Alhamisi asubuhi, twendeni tukapose. Bi Mwanaidi alizunguka nazo uso umemshuka kwa haya. Lakini hakuna mzee aliyemkwaza. Kila mmoja aliipokea kofia kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka mahali pazuri.

Alhamisi ikafika. Kibwana akaketi uani na kanzu yake iliyopigwa pasi, anangoja. Saa mbili, hapana mtu. Saa tatu ikabishwa hodi. Aliyeingia alikuwa Bi Tatu, mke wa Mzee Sufiani, na kichwani amejitwika kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Akakitua mbele ya Kibwana, akakifunua.

"Wazee wako hawa, Kibwana," akasema. "Wahesabu, wametimia wote sita."

Kikapuni mlikuwa na kofia sita. Hazikuwa zile alizowapelekea. Zilikuwa kofia za wazee wenyewe, zilizotoka vichwani mwao. Ile ya Mzee Sufiani yenye doa la kahawa, ile ya Fundi Mdoe seremala yenye vumbi la mbao, ile ya Mzee Ngwale iliyotiwa ukingo kwa mkono wa marehemu mkewe, na nyingine tatu.

Kibwana alitaka kukasirika. Lakini angesema nini? Kwamba kofia si mtu? Miaka minane ni yeye aliyekifundisha kijiji kizima kwamba kofia ni mtu. Akatazama jua lilipofika, akamtazama Hatibu aliyesimama mlangoni, akaona kwamba asipokwenda leo mwanawe amemkosa Saumu. Akajikaza. Akakitwaa kikapu kwa mkono wake, akashika njia ya mto.

Njiani alikutana na mwanamke anayetoka sokoni. Yule mama akachungulia kikapu, akasema, "Baba, kofia hizi unauza?"

"Siuzi," Kibwana akajibu. "Ni wazee hawa. Tunakwenda kuposa."

Yule mama akamtazama sana. "Haya, safari njema nyote," akasema, akaongeza mwendo.

Nyumbani kwa Mzee Mntambo mikeka ilikuwa imetandikwa, wazee wanane wa upande wa binti wameketi, na harufu ya pilau ilianza kusikika tangu kisimani. Kibwana akaingia peke yake. Wakatazama nyuma yake, wakatazama tena. Akaketi, akazitoa kofia moja moja, akazipanga juu ya mkeka huku akizitambulisha: huyu ni Mzee Sufiani, huyu Fundi Mdoe, huyu Mzee Ngwale, hadi zikaisha. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye ukosi wa kanzu. Akasema kwamba wazee wamepata udhuru, lakini wapo pamoja nasi.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Mzee Mntambo akaagiza kahawa, na kila kofia ikawekewa kikombe chake na kipande cha halua. Ndugu yake mdogo, mtu wa makamo mwenye adabu nyingi, akasogea mbele ya kofia ya Mzee Sufiani, akainama, akasema, "Shikamoo, mzee." Akangoja. Kofia haikuitikia marahaba. Akahamia ya pili, akainama. "Shikamoo, mzee." Akangoja na hapo. Alikwenda hivyo mpaka ya sita, taratibu, bila hata tabasamu, na Kibwana akatamani ardhi ipasuke immeze na kanzu yake. Kisha Mzee Mntambo akazigeukia kofia, akaziuliza kwa heshima zote kama zinamjua kijana Hatibu, na kama zitasimama naye siku atakapokosana na mkewe. Kahawa ikapoa vikombeni.

Mzee Mntambo akainuka akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na ushungi wa Saumu, umekunjwa vizuri. Akauweka juu ya mkeka, katikati ya zile kofia.

"Kofia zimeposa," akasema, "na ushungi umekubali. Binti yangu mwenyewe anangoja watu, mpaka kesho kabla ya sala ya Ijumaa."

Kibwana akarudi na kikapu chake, kofia sita na ushungi juu yake. Kofia na ushungi vina uzito gani? Lakini alipumzika mara mbili njiani.

Alikuwa na mchana mmoja tu. Kofia za watu lazima zirudi kwa wenyewe, na safari hii aliona haya kumtuma mkewe. Akaanza kwa Mzee Ngwale. Alikusudia asimame mlangoni, anyooshe mkono, aombe radhi, ataje habari ya kesho, aondoke, maana nyumba ni sita na jua halimngoji mtu. Lakini anayebisha hodi hukaribishwa, na aliyekaribishwa huketi. Akaketi. Akaitazama ile nyumba. Sufuria moja jikoni, sahani moja, na kibao cha mbuzi cha marehemu kimeegemezwa ukutani, hakuna wa kukuna nazi. Mwaka na nusu ulikuwa umepita tangu msiba. Kibwana alikuja na maneno mengi ya posa mdomoni, yote yakamkimbia.

"Mzee Ngwale," akasema, "pole. Pole sana kwa msiba wa mama."

Mzee Ngwale alikuwa akipitisha kidole kwenye ukingo wa kofia yake. "Ahsante," akasema. "Nilikuwa nangoja kulisikia kwako. Ile kofia yako nilikaa nayo siku tatu, Kibwana. Siku ya pili nilitaka kuipiga teke."

Wakacheka wote wawili. Halafu Kibwana akalia, akalia kweli, kwa aibu na kwa uchungu ambao ulichelewa mwaka na nusu kumfikia, na Mzee Ngwale, mfiwa mwenyewe, ndiye aliyembembeleza.

Kwa Fundi Mdoe alimkuta seremala akihangaika na ubao, mkono wa kulia unapiga randa, wa kushoto umepinda na hauna nguvu ya kushikilia. Kibwana alijua kwamba Mdoe aliwahi kuvunjika mkono kwenye mfereji. Asichokijua ni jinsi alivyovunjika. Siku ile ya msaragambo Mdoe alikuta jiwe la kunyanyuliwa na watu wawili, akamtafuta mwenzake wa zamu, akaona jembe limevaa kofia. Akalinyanyua peke yake. Mdoe aliyasimulia haya bila hasira, kama mtu anayeeleza namna meza inavyoungwa. Kibwana aliuweka mkono wake juu ya ubao, akaushikilia mpaka Mdoe akamaliza upande wa kwanza, akaugeuza, akaushikilia mpaka akamaliza wa pili.

Zile nyumba tatu nyingine sitawachosha nazo. Kila moja ilikuwa na lake. Alifika kwa Mzee Sufiani magharibi inakaribia, miguu imejaa vumbi, kikapuni imebaki kofia moja na ule ushungi.

"Mzee wangu," akasema, "safari hii nimekuja mwenyewe."

"Nimekuona," akajibu Mzee Sufiani, akaipokea kofia yake, akaivaa. Alipotajiwa habari ya kesho, akasema, "Tumesikia." Ndivyo walivyojibu wote sita. Hakuna aliyesema tutakwenda, na Kibwana hakuthubutu kuuliza mara ya pili. Alikuwa na haki gani?

Ijumaa asubuhi akaketi tena uani na kanzu ileile. Kofia yake ya saba ilikuwa juu ya meza, hakuwa na hamu nayo. Hatibu alisimama mlangoni. Saa mbili, hapana mtu. Bi Mwanaidi alifagia ua ambao alikwisha kuufagia. Saa tatu ikabishwa hodi. Akaingia Bi Tatu. Kibwana akamtazama kichwani, akamtazama mikononi, akitafuta kikapu.

"Unatafuta nini?" Bi Tatu akamwambia. "Hebu toka nje. Wenzio wamesimama juani."

Nje walikuwapo sita, na wote vichwa wazi. Wazee wale hawakuwahi kuonekana hata kisimani bila kofia, na leo wamesimama na kanzu zao za Ijumaa, mvi na vipara vinang'aa. Fundi Mdoe ameutia mkono wake mbovu mfukoni. Wakaondoka pamoja. Pale mtoni penye mawe ya utelezi, Kibwana alimshika Mdoe kiwiko wakavuka, na Mdoe akamruhusu.

Mzee Mntambo akawapokea mlangoni, akawatazama vichwani mmoja mmoja. "Karibuni, wazee. Kofia zenu zi wapi leo?"

"Tumeziacha nyumbani," akasema Mzee Sufiani. "Zinatuchungia kuku."

Wakaketi. Yule ndugu mdogo wa Mzee Mntambo akasogea, akainama mbele ya Mzee Sufiani. "Shikamoo, mzee." "Marahaba!" Akahamia kwa Mzee Ngwale. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Akaenda hivyo mpaka mwisho, na waliokuwa ndani wanasema Saumu alisimama nyuma ya pazia akihesabu marahaba kwa vidole. Ilipofika ya sita, alikwenda kupakua pilau bila kungoja kuambiwa. Kibwana akautoa ule ushungi mfukoni, akaurudisha kwa baba wa binti kwa mikono miwili, na habari za wale wa mjini zikaishia hapo.

Zile kofia zake sita alizowapelekea wazee Kibwana hakuzidai kamwe. Moja, nasikia, kuku wa Mzee Ngwale aliitagia mayai kumi na moja, akayaangua yote.

Sasa nawajia. Jumamosi iliyopita tulitangaziana kusafisha kisima hiki cha madrasa, kisima ambacho maji yake mmetawadhia leo. Kwenye simu zenu mlijibu watu arobaini na mmoja. Wengine mliandika "tupo pamoja", wengine mlileta vidole gumba tu. Nikavifurahia vidole. Jumamosi nikateremka kisimani, nikatukuta tisa, pamoja na mimi na goti langu hili. Simgombezi mtu. Mifano haigombezi, na mimi leo nimekuja na mfano. Nina swali moja tu, na asiinuke mtu kabla hajajijibu mwenyewe: nikiiamkia kofia yako sasa hivi, hapo ulipoketi, chini yake yumo wa kuitikia?